Kunyamaza siyo kukubali: namna ya kubeba mambo mazito kwenye michezo ya hadithi na dadu

Jumamosi moja, tukiwa mezani kwa rafiki yetu Sinza, nikiwa msimulizi wa mchezo wetu, niliwasimulia wenzangu habari za kiumbe mweupe anayeishi kwenye pango la mlimani. Wawindaji wa kijiji cha jirani, nikasema, wanamtafuta usiku na mchana kwa sababu mifupa yake ikitiwa kwenye dawa huleta utajiri. Niliona nimebuni kitu kizuri. Michezo ya aina hii imejaa mambo kama hayo: pembe ya mnyama fulani, damu ya joka, jino la zimwi, kila kitu kina bei yake sokoni. Wachezaji wanne wakaanza kupanga mtego. Wa tano, dada aliyekulia Shinyanga, alikuwa na dadu mkononi. Aliiweka mezani taratibu, akavuta kikombe chake cha chai, na kwa saa nzima iliyofuata hakusema zaidi ya "sawa" na "nyie endeleeni".

Nilielewa nikiwa kwenye daladala narudi nyumbani. Mweupe. Viungo vinavyoleta utajiri. Kanda ya Ziwa. Mimi habari za watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo nilizisoma gazetini, tangu zilipoanza kuvuma miaka ya 2006 na 2007 mpaka serikali ilipopiga marufuku wapiga ramli mapema mwaka 2015. Yeye alisoma darasa moja na mtoto ambaye familia yake ilihama usiku. Hakuniambia siku ile. Aliniambia wiki tatu baadaye, nilipompigia simu.

Kilichoniuma zaidi ni lile neno "nyie endeleeni". Kwetu mtu aliyelelewa vizuri hamharibii mwenzake shughuli. Atakaa, atatabasamu, atamaliza chai, na wiki ijayo atasema ana udhuru. Basi utaratibu wowote unaomsubiri mtu ainue mkono aseme "hapana" utashindwa mezani kwetu. Inabidi utaratibu utengenezwe kwa ajili ya yule asiyesema. Nimeandika hatua hizi nikimfikiria huyo.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wanne hadi sita huketi pamoja, kila mmoja na mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, na mmoja wao ndiye msimulizi. Msimulizi anaeleza mahali na tukio, wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini, na dadu, ya pande sita au ile ya pande ishirini, inaamua kama wamefaulu. Hakuna kamari. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Hadithi hutungwa papo hapo na wote waliopo, kwa hiyo hakuna ajuaye dakika kumi zijazo zitaleta nini. Na tofauti na filamu, hapa mtu anasema "mimi" kwa kinywa chake mwenyewe: mimi nafungua mlango, mimi namkata. Ndiyo maana jambo baya linapoingia, linaingia karibu sana.

Hatua ya kwanza: ipitie hadithi yako kabla hujaalika mtu

Kaa peke yako na daftari. Andika kila tukio unalolitarajia, kisha jiulize maswali mawili kwa kila moja: hapa nani anaumizwa, na je, jambo hili limewahi kutokea kweli karibu na watu nitakaoketi nao?

Swali la pili ndilo linalosahauliwa. Orodha za tahadhari zinazotungwa Ulaya na Marekani hutaja buibui, damu nyingi, ubakaji, mateso ya watoto. Zitumie, zinasaidia. Lakini hazikutungwa na watu waliokulia mahali ambapo bibi kizee anaweza kuuawa kwa sababu macho yake ni mekundu, wakati wekundu huo umetokana na moshi wa kuni miaka hamsini. Sasa fungua kitabu chochote cha njozi utakuta ajuza mchawi anaishi peke yake msituni, na mashujaa wanatumwa wakamuue walipwe. Kwa msomaji wa Ohio hiyo ni ngano. Mezani kwako huenda yupo mjukuu.

Hayo ndiyo ya kwetu, na kila meza itakuwa na yake. Nyumba kuchomwa moto baada ya uchaguzi: mtu aliyekuwa Naivasha au Eldoret mwanzoni mwa 2008 hahitaji umsimulie kijiji kinavyoungua. Kizuizi cha barabarani ambapo watu wanaulizwa vitambulisho, kama kuna aliyetoka Rwanda au Burundi. Mapepo na majini, ambayo kwa baadhi yetu si njozi hata kidogo. Mimba iliyoharibika. Msiba wa juzi. Hilo la mwisho hubadilika kila wiki, kwa hiyo kupitia hadithi si kazi ya siku moja.

Usifute kila kitu. Weka alama tu, ujue uchungu uko wapi kabla hujaufikia.

Hatua ya pili: kikao sifuri

Kikao sifuri ni mkutano kabla ya mchezo kuanza. Hamchezi, mnakubaliana: tunacheza hadithi gani, ina uzito gani, kila mtu anatafuta nini humo. Saa moja na nusu inatosha, na karanga.

Sisi tuna bahati kwamba jambo hili halikuja na vitabu vya michezo. Bibi zetu hawakuanza ngano kabla ya kuitikiwa. Akisema "Paukwa!" alisubiri "Pakawa!", na akisema "Hadithi, hadithi!" watoto walijibu "Hadithi njoo!" Kama hawakuitika, au wameitika kwa uvivu, alijua kuna aliyelala, anayeogopa, au aliye na njaa. Msimulizi aliomba ruhusa kwanza. Kikao sifuri ni kiitikio hicho hicho, ila kirefu zaidi.

Anza wewe. Eleza hadithi jinsi ilivyo bila kuficha kwa ajili ya mshtuko: "Ni hadithi ya kutisha, kutakuwa na maiti, kutakuwa na mtoto aliyepotea, atapatikana akiwa hai." Ndiyo, hata hilo la kupatikana sema. Wapo watakaokuambia unaharibu utamu. Utamu wa kutisha hauharibiki kwa mtu kujua kwamba atatishwa. Anayenunua tiketi ya filamu ya mizimu anajua anachokwenda kukiona, na bado anaruka kitini.

Kisha kusanya yasiyotakiwa. Hapa usizunguke meza ukimwuliza mmoja mmoja mbele ya wenzake. Nimeiona mara nyingi: wa kwanza akisema "mimi sina shida na chochote", wote waliobaki watasema hivyo hivyo. Gawa vipande vya karatasi vinavyofanana na kalamu za rangi moja. Kila mtu aandike kwa herufi kubwa, kwa sababu marafiki wanajuana miandiko. Asiye na la kuandika naye aandike, hata kama ni "SINA" mara tatu, ili kalamu zote zisimame kwa wakati mmoja. Vikunjwe, viwekwe kwenye bakuli. Msimulizi asome kwa sauti bila kutaja wala kukisia nani kaandika, kisha vichanwe hapo hapo. Kama mnakutana kupitia simu, kila mmoja amwandikie msimulizi faraghani. Kura za kwenye kundi la WhatsApp hazifai, majina yanaonekana.

Sheria moja haina mjadala: hakuna anayedaiwa sababu. Kipande kikisema "HAKUNA NYOKA", basi hakuna nyoka. Mkianza kuuliza kwa nini, mara ya pili hakuna atakayeandika.

Hatua ya tatu: tenganisha mpaka na pazia

Wazo hili liliandikwa mwaka 2003 na mbunifu wa michezo wa Marekani, Ron Edwards, na sijaona lililolipita kwa manufaa. Mambo mazito yagawe mafungu mawili. Mpaka ni jambo ambalo halipo kabisa kwenye hadithi yenu, halitokei wala halitajwi. Pazia ni jambo linaloweza kutokea, ila tunalifunika: tunajua limetokea, hatulioni, tunaendelea na asubuhi yake.

Nitaonyesha kwa hadithi tuliyocheza sisi, kwa kuwa ilikuwa ngumu kuliko zote. Tuliiweka mwaka 1868, kwenye njia ya misafara kutoka Ujiji kupita Tabora hadi Bagamoyo. Nilitaka njia ile kwa sababu ni yetu, kwa sababu ya ngoma za kambini na uzito wa pembe za ndovu begani, na kwa sababu nimechoka na majumba ya mawe ya Ulaya. Lakini huwezi kuandika msafara wa mwaka ule bila minyororo. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi pale Mkunazini. Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga mwaka 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja mpaka 1897. Bara ulichukua mpaka 1922. Kuna watu hai leo ambao babu zao walizaliwa kabla ya hapo.

Chaguo la kwanza lilikuwa kujifanya hakukuwa na watumwa. Sikulitaka, maana huo ni uongo juu ya watu walioteseka. La pili, kucheza kila kitu waziwazi, sikulitaka zaidi. Tukakaa kikao sifuri na bakuli letu, na tukatoka na haya.

Mpaka wa kwanza: ukatili wa kingono haupo, wala masuria hawatajwi. Mpaka wa pili: hakuna mchezaji atakayekuwa mwenye watumwa, hata kwa kisingizio cha kupeleleza. Wa tatu ulitoka kwenye kipande ambacho nakikumbuka vizuri, kimeandikwa maneno mawili tu: "TUSIULIZANE ASILI." Aliyetoka bara angeweza kulipita neno hilo bila kulielewa. Pwani ya Pangani, Lamu au Unguja, kumwuliza mtu asili yake mpaka kwa babu wa babu si swali la mazungumzo, kwa sababu mwisho wa swali hilo ni muungwana, yaani mtu huru, au mzalia, yaani aliyezaliwa utumwani, na zipo posa zilizovunjika kwa jibu lake. Hatukuuliza nani kaandika. Tukakubaliana kwamba katika hadithi yetu hakuna mhusika atakayeulizwa wala kuambiwa yeye ni mtoto wa nani.

Pazia: mapigo. Msafara unapigwa mijeledi, tunajua, lakini mimi nasema "usiku ule mlisikia sauti kutoka upande wa pili wa kambi", halafu tunakwenda kwenye alfajiri. Kufa njiani nako tulikuweka nyuma ya pazia: asubuhi kuna nafasi kwenye mstari ambayo jana haikuwepo.

Na wachezaji wakawa nani? Hapo historia yenyewe ilitusaidia. Wapagazi wengi wa njia ile walikuwa Wanyamwezi huru, waliofanya kazi kwa malipo, wakilipwa kwa nguo na shanga. Watu huru wanaotembea bega kwa bega na watu waliofungwa, wakiota moto mmoja, kila siku wakiamua waone au wasione. Hadithi ikapata moyo pale. Sidhani tungeupata bila mipaka. Kwa kuwa kila mtu alijua nini hakitatokea, waliingia kwenye kilichobaki kwa ujasiri ambao sijauona tena.

Pazia lina matumizi mengine madogo ambayo vitabu havitaji sana. Mchezaji wetu mmoja ni mtu wa swala, na mhusika wake alipaswa kuzungumza na jini. Hakutaka kutamka maneno ya kuita jini kwa kinywa chake, hata kwa mchezo. Dawa ilikuwa rahisi: badala ya "mimi nakuita", anasema "mhusika wangu anatamka maneno anayoyajua". Kuhama kutoka "mimi" kwenda "yeye" kunampa mtu hatua tatu za kupumua. Wafundishe wachezaji wote njia hiyo tangu mwanzo, na wewe msimulizi itumie pia, hasa unapoigiza mtu mbaya.

Andika mipaka na mapazia kwenye karatasi moja, ibaki mezani. Mtu anaweza kuongeza wakati wowote. Kupunguza, hapana, mpaka mkae tena kikao kingine na bakuli.

Hatua ya nne: alama ya kusimamisha

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mbunifu wa New York, John Stavropoulos, alisambaza wazo la kadi yenye herufi X katikati ya meza. Mtu akiigusa au kuiinua, kinachoendelea kinaondolewa, bila maelezo. Imeenea dunia nzima, na inastahili.

Ila kwetu miezi minne ya mwanzo kadi ile ilikaa mezani haijaguswa na mtu, imepata doa la mafuta ya sambusa. Nilidhani maana yake ni kwamba kila kitu ni salama. Haikuwa hivyo. Kunyoosha mkono mpaka katikati ya meza mbele ya watu watano ni kusimama uwanjani. Na kama msimulizi ni kaka yako mkubwa, au yupo shemeji mezani, mkono hautoki.

Tulibadilisha mambo matatu. Kwanza, alama sasa ni kikombe chako mwenyewe: ukikigeuza mshiko ukaelekea katikati ya meza, tumekuelewa. Ni tendo dogo, liko karibu na mkono, halihitaji ushujaa. Kama mnakunywa kwa glasi tafuteni kingine, hata kulaza kalamu juu ya karatasi ya mhusika. Pili, tunaifanyia majaribio kila kikao kinapoanza: kila mtu anageuza kikombe mara moja, msimulizi anakatisha sentensi, tunacheka, tunaanza. Mkono ulioshafanya jambo mara moja haulionei haya mara ya pili. Tatu, na hili ndilo lililofanya kazi kuliko yote, mimi mwenyewe nilitumia alama kwenye jambo dogo. Mchezaji alikuwa anaeleza jeraha lenye funza nami nilikuwa nakula. Nikageuza kikombe. "Jeraha lipo, funza hawapo," nikasema, tukaendelea. Wiki ile ile mwingine akageuza chake.

Usiweke alama hii kwa ajili ya mambo makubwa peke yake. Ikiwa ya dharura tu, kila atakayeitumia atakuwa ametangaza dharura.

Ipo pia njia ya rimoti, ambayo baadhi huipenda zaidi: mtu anasema "simamisha", "rudisha nyuma" au "peleka mbele". Inafaa kwa meza ya watu wanaosema. Na sheria ya mlango wazi iwepo siku zote: yeyote anaweza kuondoka mezani, kwa dakika tano au moja kwa moja, bila kuaga kwa maelezo na bila kufuatwa na watu watatu koridoni.

Hatua ya tano: kikombe kimegeuka, ufanye nini

Una kama nusu dakika. Kitu kibaya zaidi unachoweza kufanya ni kunyamaza ukimtazama aliyegeuza.

Acha sentensi hapo hapo, hata kama ilikuwa tamu. Sema "nimeona, tunaondoa", kwa sauti ya kawaida, macho yako yakiwa kwenye daftari. Kisha toa mbadala mara moja, maana meza isiyo na hadithi inabaki na mtu mmoja wa kutazamwa: "Pango halina kitu. Mnasikia maji upande wa kushoto." Kama hujui ni kipi hasa kilichogusa, usiulize hadharani, rudi nyuma zaidi ya unavyodhani inahitajika. Sema "tunarudi pale mlipofika mtoni."

Usiseme "pole sana, uko sawa?" mbele ya wote. Nia ni njema lakini umemweka kwenye taa. Tangaza chai. Chai ni jambo la heri hapa kwa sababu watu wanasimama, wanatoka nje, na wewe unaweza kupita karibu naye ukauliza chini chini: "Tuendelee, au tuishie hapa leo?" Maswali ya ndiyo au hapana tu. Akitaka kueleza ataeleza.

Na kama hakuna kikombe kilichogeuka? Soma watu. Anayechangamka akapoa ghafla. Anayeanza kujibu kwa neno moja. Simu iliyotoka mfukoni. Kicheko kilichochelewa nusu sekunde kuliko vya wengine. Mtu anayepanga dadu zake kwa mstari, tena na tena. Ukiona hivyo huhitaji uthibitisho; peleka hadithi mahali pengine, halafu ndipo chai. Ukikosea, umepoteza tukio moja. Mimi ningepoteza pango na kiumbe wake kwa furaha, laiti ningejua.

Hatua ya sita: mchezaji anayechokoza kwa makusudi

Kila kundi litampata. Anataka kumtesa mateka mbele ya wote, anatania kabila la mtu, anamtongoza mhusika wa mchezaji mwingine baada ya kukataliwa mara mbili. Ukimwambia, anajibu: "Lakini mhusika wangu ndivyo alivyo." Jibu lake ni fupi: mhusika umemtunga wewe, mtunge mwingine.

Mara nyingine atasema ni utani. Hilo linastahili kujibiwa kwa uzito, kwa sababu utani ni mali yetu na ni mkubwa kuliko anavyoutumia. Watani wanaweza kuchokozana hata msibani, mtu akajilaza kaburini akidai kifuta jasho, na hakuna anayekasirika. Inawezekana kwa kuwa pande zote mbili zinajua kwamba ni watani, zimelijua tangu utotoni, na kila mmoja ana haki sawa ya kurudisha. Ukimtania asiye mtani wako, hiyo siyo mila tena, ni matusi. Mezani, watani ni wale waliokubaliana kwenye kikao sifuri, kwa jambo lile lile, na si wengine.

Zungumza naye peke yake, kabla ya kikao kijacho, na mtaje kitendo badala ya tabia: "Jumamosi ulipoendelea baada ya kikombe kugeuka." Usimwambie "wewe ni mkatili". Wengi hubadilika, kwa sababu wengi hawakuona. Kama ana umri au heshima inayokufunga mdomo, tafuta mtu wa rika lake amfikishie ujumbe, kama tunavyofanya kwa mambo mengine yote. Asipobadilika baada ya mara mbili, aache mchezo. Urafiki wenu mnaweza kuuendeleza kwenye mpira na harusi. Meza hii si ya lazima kwa mtu yeyote. Nimefanya hivyo mara moja, ilikuwa mazungumzo magumu, na wachezaji wawili waliokuwa wameacha kuja walirudi.

Hatua ya saba: kushuka

Msiinuke mezani moja kwa moja baada ya tukio zito. Hisia za mhusika huvuja zikaingia kwa mchezaji, na za mchezaji kwa mhusika. Waigizaji wa jukwaani wanalijua hilo, na tangu 2007, mbunifu wa michezo Emily Care Boss alipolipatia jina, wachezaji nao wamelisema waziwazi. Aliyesalitiwa kwenye hadithi anaweza kufika nyumbani bado amemnunia aliyemsaliti, bila kujua kwa nini.

Tenga robo saa. Wekeni karatasi za wahusika pembeni, kifudifudi. Kila mmoja ataje jambo moja alilolipenda kwa mwenzake na jambo moja analolitamani kwa kikao kijacho. Waliogombana kwenye hadithi wakae pamoja kula. Keshoye msimulizi amwandikie kila mmoja, faraghani, mistari miwili: jana ilikuwaje kwako, kuna la kuongeza kwenye karatasi yetu? Mengi niliyojifunza yalikuja kwa ujumbe wa Jumapili mchana.

Ukigundua umekosea baadaye

Piga simu, usiandike kwenye kundi. Taja ulichofanya, usijieleze. Mimi nilisema: "Nilileta kiumbe mweupe anayewindwa kwa mifupa, sikufikiri. Nimekosa." Halafu nikanyamaza, na huo ukimya ndio alioutumia kunieleza habari za yule mtoto wa darasani. Usiulize "umenisamehe?" Hilo humrudisha kwenye kazi ya kukufariji. Mwambie nini kitabadilika, na kwamba halazimiki kurudi.

Wengine mezani niliwaambia tu kwamba lile pango limeondolewa, mlipita mlima ule mkakuta ziwa. Hawakuuliza.

Alikaa miezi miwili hajaja. Aliporudi ilikuwa kwa ajili ya hadithi ya msafara, na mhusika mpya, mpagazi anayehesabu hatua zake. Kabla hatujaanza akauliza kama hili jambo la vikombe linafanya kazi kweli. Nikamwambia ajaribu, nikaanza kueleza alfajiri ya Tabora, umande, moshi wa kambi, na mbwa wa mtu fulani aliyekuwa

Akakigeuza. Nikaishia hapo.